Soksi za Mwezi wa Nane

Harusi ilikuwa Arlington, katikati ya Dallas na Fort Worth, mwezi Juni mwaka 2006. Nje lilikuwa joto la kumyeyusha mtu kama siagi, lakini ndani ya ukumbi Prudensia alikuwa anatetemeka. Walimketisha chini kabisa ya tundu la kiyoyozi, naye amevaa gauni lisilo na mikono, alilolishonesha Dar es Salaam kwa ajili ya siku hiyo. Kila MC alipoomba makofi, yeye alipiga kuliko watu wote. Bwana harusi aliona mpaka akampungia mkono kwa shukrani, asijue kwamba mama wa watu anatafuta joto tu.

"Dada, shika hii," ilisema sauti upande wake wa kushoto.

Alikuwa mwanamume wa makamo, mrefu, mwenye macho ya mtu aliyetoka zamu ya usiku, anamnyooshea skafu yenye rangi ya chai ya maziwa. Prudensia hakuwa na mazoea ya kupokea nguo za wanaume asiowajua, tena mumewe Ambilikile akiwa pale pale mezani kwa nyama anachagua mbavu. Lakini baridi ilikuwa imemshinda. Akaizungusha shingoni.

Akacheka. Hakujua anacheka nini. Ilikuwa kama mtu amemkumbatia na kumnong'oneza kichekesho. Haikuwasha kama zile sweta za shule za Tukuyu, zilizomfanya ajikune mpaka mwalimu akamuuliza kama ana upele. Haikuwa nzito. Haikunuka kondoo. Ilikaa tu pale shingoni, na joto likaanza kushuka mabegani taratibu kama mgeni mwenye adabu.

"Hii ni nini?"

"Ni alpaka."

"Ndiyo kampuni?"

"Ni mnyama," alisema yule bwana, akacheka na yeye. "Niko nao kwangu, kule Weatherford. Ona ngamia. Sasa huyo ngamia umfue na maji moto mpaka asinyae. Hiyo ndiyo alpaka."

Jina lake Nderitu. Alizaliwa Ol Kalou kwenye kondoo wa baba yake, akaja Texas kusomea uuguzi, na baada ya miaka mingi ya kulala mchana katika fleti isiyo na sauti hata ya kuku, akaona atarukwa na akili. Akanunua kishamba magharibi ya Fort Worth na kuweka alpaka. Mkewe Jeptoo ndiye aliyesokota nyuzi. Prudensia aliyasikia yote hayo kabla keki haijakatwa, na skafu hakuirudisha.

Sasa, mtu anayemjua Prudensia atakwambia kwamba kitu kikimwingia kichwani huyo mama, hakitoki mpaka kimewaingia na wengine. Alikuwa akifanya kazi katikati ya jiji la Houston, katika kampuni ya bima, kitengo cha matangazo, akiandika vipeperushi ambavyo wateja walivitumia kufutia vioo vya magari. Kila asubuhi alitoka Katy akijikokota kwenye foleni ya barabara kuu, na kila asubuhi alijiambia kwamba siku moja atatangaza kitu ambacho yeye mwenyewe anakipenda. Basi wiki mbili baada ya harusi, huyoo, kapanda gari hadi Weatherford.

Alpaka walimjia mbio hadi kwenye uzio, shingo juu, kama kamati iliyotumwa kuuliza kulikoni. Mmoja wao, dume la kahawia mwenye nywele zilizomfunika jicho moja, alimtazama Prudensia kutoka kichwani hadi miguuni, akatoa mlio mdogo puani, "hmmm," kisha akageuka.

"Huyo ni Headmasta," alisema Nderitu. "Usijali, hata mimi hajawahi kuridhika na mimi."

Prudensia alishika magoti kwa kicheko.

Alizungushwa kila mahali. Alionyeshwa feni zilizowapepea wanyama mchana kutwa, na beseni pana la kuogelea watoto, ambamo alpaka walichovya miguu jua likizidi. Aliambiwa wanavyonyolewa mara moja tu kwa mwaka, majira ya kuchipua, kabla ya joto: hawakazwi kamba mpaka walie, wanashikwa na watu wawili wenye subira huku Jeptoo akiwaimbia nyimbo za Kikalenjin. Majirani wawili, wazee wenye mashamba madogo kama lile, walileta manyoya yao kwa Jeptoo, na kazi ya kufuma ilifanywa na mama mmoja Mkongomani wa Mesquite, mashariki ya Dallas, aitwaye Clothilde, aliyefundishwa na masista huko Bukavu. Kila mmoja alilipwa kwa kazi yake bila kupunjwa. Tatizo lilikuwa moja tu, nalo lilijaa kona ya gereji mpaka kwenye dari: hakuna aliyenunua.

"Tunaenda sokoni kila Saturday," alisema Nderitu. "Watu wanashika, wanasema ni laini sana, halafu wanaenda kununua tikiti maji."

Prudensia alitazama bango lao. Liliandikwa kwa herufi kubwa: JITAYARISHE KWA MAJIRA YA BARIDI. Jasho lilikuwa likimchuruzika mgongoni.

"Kaka Nderitu, mnauza baridi ambayo haipo. Uzeni iliyopo."

"Iko wapi hapa Texas?"

"Ndani!" alipiga kelele Prudensia, na Headmasta akageuza shingo. "Ofisini kwangu tunafunika magoti kwa blanketi mwezi wa saba. Kanisani tunatetemeka. Sinema, hospitali, benki! Kaka, jimbo zima linaganda, na ninyi mmekaa na dawa kwenye gereji!"

Nderitu alimwangalia kama mtu aliyeambiwa kwamba nyumba yake ina chumba asichokijua. Kisha akamwita mkewe. "Jeptoo! Kuja usikie huyu Mtanzania!"

Wakaipa bidhaa jina Upole, maana mnyama ni mpole, na mkono unaomshika ni mpole, na nguo yenyewe vilevile. Kila kitu kikashonewa lebo ndogo yenye jina la alpaka aliyetoa manyoya, shamba alikotoka, aliyesokota na aliyefuma. Clothilde, ambaye mpaka hapo alikuwa sauti tu ya kwenye simu, alikuwa na sharti lake. "Andika Clothilde wa Bukavu," alisema. "Kama unaandika Clothilde tupu, batu banaweza waza ni Mfaransa."

Mwezi wa nane wakapata meza kwenye maonyesho ya kazi za mikono, katika ukumbi mmoja kusini-magharibi ya Houston, karibu na Sharpstown. Prudensia akasema Headmasta lazima aje. Mtu hawezi kuamini mnyama wa aina hiyo mpaka ahukumiwe naye ana kwa ana. Nderitu akasema alpaka hasafiri peke yake, atalia njia nzima kwa upweke, kwa hiyo Headmasta ataandamana na mwenzake mweupe aitwaye Sekretari. Na watasafiri kwa gari gani? Prudensia akameza mate. Kulikuwa na vani ya Ambilikile.

Ambilikile alikuwa mfamasia wa hospitali, mtu mwema na mtaratibu, ambaye katika vani hiyo hakuruhusu hata binti yao Glory kula biskuti. Prudensia alimwambia anaiazima kubebea mizigo ya Upole. Hakudanganya, maana mzigo ni mzigo. Akaiendesha usiku hadi Weatherford, viti vya nyuma vikatolewa, nyasi zikatandikwa juu ya turubai, na alfajiri wale mabwana wawili wakapanda, wakakunja miguu, wakaketi kama abiria waliolipia daraja la kwanza.

"Sasa sikia," alisema Nderitu, akishika usukani. "Joto inaweza kuwaua. Hiyo AC tunaweka mwisho kabisa, na hakuna kugusa mpaka Houston."

Walipomchukua Clothilde Mesquite, vani ilikuwa imeshakuwa friji. Clothilde, mwanamke mfupi, mnene, mwenye sauti ya kuimbisha kwaya, alifungua mlango, akapigwa na baridi usoni, akasimama.

"Eh! Miye nilifikiri leo ni congé, hakuna kazi," alisema. Kumbe kazi yake ilikuwa kwenye ghala la vyakula vya barafu. "Mumeniletea kazi mpaka kwa mlango?"

Ikabidi kufungua maboksi ya biashara. Kwanza walichukua skafu. Walipofika Corsicana walikuwa wamevaa soksi. Baada ya hapo ni kofia, na shali moja la kijivu ambalo Prudensia alilipenda kuliko vyote akamgawia Clothilde nusu. Nje nchi nzima ilikuwa inaungua, ng'ombe wamejibanza chini ya miti, na ndani ya vani watu wazima watatu wamejifunga kama wapanda milima, moshi karibu uwatoke mdomoni, na nyuma yao Headmasta na Sekretari wanaguna "hmmm, hmmm," wameridhika kabisa.

Karibu na Madisonville wakasimama kwenye kituo cha mafuta. Alpaka, alieleza Nderitu, hajisaidii popote tu. Lazima asikie harufu ya mahali ambapo wenzake walijisaidia. Ndiyo maana alikuwa amebeba ndoo ndogo yenye mfuniko, kutoka nyumbani. Akamwaga kidogo kwenye majani nyuma ya kituo, akawaleta wale mabwana na kamba zao, nao wakanusa, wakatafakari, wakapanga foleni. Prudensia na Clothilde walisimama pembeni, kofia za manyoya vichwani, kuwakinga na macho ya watu.

Mzee mmoja mwenye kofia ya mchunga ng'ombe alipunguza mwendo wa lori lake, akashusha kioo.

"Mama," alimwambia Prudensia, "mko salama?"

"Tuko salama sana," alijibu Prudensia, jasho likianza kumtiririka chini ya kofia. "Tunauza soksi."

Yule mzee aliangalia alpaka, akaangalia ndoo, akaangalia kipimajoto cha kituo. Alinunua jozi mbili. Mkewe, alisema, hulala na miguu kama samaki wa barafu. Walipoingia tena garini, Clothilde alikuwa anapiga mapaja kwa furaha, na Nderitu alilazimika kusubiri macho yamkauke ndipo aondoe gari.

Ukumbini ilikuwa kama Prudensia alivyoota. Kiyoyozi kilivuma kama ndege inayotaka kuruka. Watu waliingia wamelowa jasho, wakapita meza mbili tatu, wakaanza kujikumbatia mikono, na hapo hapo wakakutana na bango jipya: JE, UNASIKIA BARIDI SASA HIVI? Chini yake, ndani ya uzio, Headmasta akiwakagua mmoja mmoja. Wamarekani walisoma jina la bidhaa kwa namna yao, "Yupoli," na Prudensia akawafundisha, "U-po-le," mpaka upande ule wote wa ukumbi ukawa unatamka. Wauguzi walinunua. Dereva wa lori la maziwa alinunua. Bibi mmoja alisoma lebo, akaomba aonyeshwe Clothilde wa Bukavu ni yupi, akamkumbatia shingo, na Clothilde akawa anafuta macho huku akicheka.

Baada ya chakula cha mchana akaja bwana mmoja wa buti zinazong'aa. Alikuwa na maduka ya zawadi Dallas. Alishika skafu, akaivuta, akainusa, akasoma lebo mara mbili.

"Nataka skafu elfu tatu," alisema, "kabla ya Krismasi."

Nderitu aliketi juu ya boksi. Prudensia alisikia masikio yanavuma. Aliona barabara ya Katy ikiwa tupu mbele yake, hakuna foleni, hakuna bima.

"Bwana," alisema, "manyoya ya mashamba yote matatu hayatoshi hata robo ya robo yake."

"Hilo dogo. Nina kiwanda ng'ambo. Wachanganye alpaka kidogo na nyuzi bandia nyingi, akriliki. Hakuna atakayejua."

"Na lebo?"

"Lebo ibaki hivi hivi. Watu wanapenda haya majina. Na picha ya huyu," alisema, akimwonyesha Headmasta kwa kidole.

Prudensia alimtafsiria Clothilde polepole, maana Kiingereza cha yule bwana kilikuwa cha mbio. Clothilde alitazama vidole vyake. "Jina yangu," alisema hatimaye, "kwa kitu sijagusa?"

Prudensia alikuwa mtu wa matangazo. Alijua jinsi ya kupamba neno, na alijua kwamba neno "mchanganyiko" linaweza kuandikwa kwa herufi za kusomwa na sisimizi tu. Aliifikiria kwa dhati, tusimsingizie. Alijiona anaiandika. Kisha akaisoma ile lebo kichwani: Headmasta, Weatherford, amesokota Jeptoo, amefuma Clothilde wa Bukavu. Ikamjia picha ya Headmasta, peke yake, anahangaika kuotesha manyoya ya shingo elfu tatu kabla ya Krismasi, amekunja uso, nywele jichoni, anakula nyasi kwa mikupuo miwili miwili ili awahi.

Kicheko kikamtoka kabla hajakizuia. Alijaribu kukigeuza kikohozi, kikakataa. Nderitu akamtazama, akaambukizwa. Clothilde hakujua wanacheka nini, lakini naye alidondoka juu ya maboksi, na Sekretari akaanza kuguna kwa wasiwasi.

"Samahani sana, bwana," alisema Prudensia, akijipangusa. "Hatukucheki wewe. Lakini hapana. Lebo hii inasema kweli, na tunataka iendelee kusema kweli. Ukipenda, tukiwa nazo ishirini, tutakuletea ishirini."

Yule bwana aliacha kadi yake mezani na kuondoka, buti zikilia kwa, kwa, kwa. Wote watatu walimsindikiza kwa macho mpaka mlangoni.

"Tumefanya nini?" aliuliza Prudensia.

"Aki sijui," alisema Nderitu. Alikuwa anatabasamu kama mtoto aliyeruka kutoka juu ya ukuta akajikuta mzima. "Lakini naskia niko mwepesi. Uko sure hatujalewa?"

Ni wakati huo huo Prudensia alipomwona Ambilikile. Alikuwa ametoka hospitalini moja kwa moja, bado ana kitambulisho shingoni, na uso wake ulikuwa uso wa mtu aliyepitia maegesho kwanza.

"Mama Glory," alisema kwa upole wa kutisha. "Kuna nyasi kwenye vani."

"Naam, Baba Glory."

"Na ndoo."

"Naam. Ina mfuniko."

Ambilikile alimgeukia Headmasta. Headmasta alimgeukia Ambilikile. Wale wawili walitazamana muda mrefu, wanaume wawili wanaopenda utaratibu, na Prudensia aliapa baadaye kwamba waliitikiana kwa kichwa. Kisha mumewe akasogea mezani, akagusa jozi ya soksi kwa kidole, akaigusa tena, akaangalia huku na huku kama hakuna mtu wa hospitali.

"Kule famasi," alisema kwa sauti ya chini, "tunawekewa baridi kwa ajili ya dawa, siyo kwa ajili ya watu. Mna saizi kumi na moja?"

Prudensia alimvalisha mwenyewe, hapo hapo, mbele za watu, amepiga goti kama bibi harusi. Ambilikile alichezesha vidole. Akaenda kuketi nyuma ya meza, akavua tai, akaanza kupanga soksi kwa saizi, na jioni ilipofika alikuwa anamweleza mteja tofauti ya sufu na alpaka kana kwamba ameandikiwa na daktari.

Jumapili yake, baada ya ibada ya alfajiri, waliwarudisha wanyama, na safari hii Ambilikile ndiye aliyeendesha, ana skafu mbili. Walipofika Mesquite kumshusha Clothilde, jirani zake walikuwa wamerudi kutoka kanisani na kujaa uani, akina mama na vitenge vyao, wanaume wamelegeza mashati. Mlango wa vani ulipofunguka, kelele zilipanda. Watoto walipiga mayowe kwa Kiingereza, wazazi kwa Kiswahili na Kifaransa. Nderitu akawafunga alpaka kivulini, karibu na mlango wa chumba cha kufulia cha fleti, ambako baridi ya kiyoyozi ilitoka nje, akawapa maji.

Mbele yao wote alisimama Déo, aliyekuwa akifanya kazi na Clothilde katika ghala lile la barafu, na ambaye ndiye aliyemcheka kuliko wote tangu aanze kufuma.

"Wee Clothilde," alisema, "uliuza pullover mu mwezi wa munane?"

"Vaa kwanza, kisha ucheke," alisema Clothilde, akamrushia jozi.

Déo akakaa kwenye ukingo wa njia, akavua viatu vya kanisani, akavaa. Watu walisubiri. Uso wake ukabadilika. "Zinapumua," alisema. "Zenye tunavaa kule zinalowa na jasho, kisha zinakuwa barafu." Akainuka, akapiga hatua ya kucheza, moja, ya pili, juu ya lami ya moto, na kwaya ambayo ilikuwa haijavua sare ikampokea kwa wimbo. Prudensia alijikuta katikati yao, shali mkononi, akicheza mdundo asioujua, wakati Clothilde akimfundisha mabega.

Maboksi yaliisha hata kabla ya wimbo. Watu waliokosa wakamzunguka Nderitu: lini zingine? Akainua mikono.

"Ndugu zangu, hawa tunawanyoa mara moja kwa mwaka. Ni mpaka April. Hatuwezi kuwanyoa saa hii, na hatutachanganya na kitu ingine. Mtangoja?"

Prudensia aliangalia nyuso zao. Alijua wauzaji wa kawaida wasingemwambia mteja kitu kama hicho hata kwa bunduki.

"Tutangoja," alisema Déo, akitazama miguu yake. "Ila niandike wa kwanza."

"Wa kwanza nani?" aliuliza mama mmoja nyuma, na ugomvi wa furaha ukaanza.

Walingoja kweli. Aprili ilipofika walikuja Weatherford wenyewe, magari kutoka Mesquite na mengine kutoka Houston, wauguzi na watu wa barafu pamoja na yule bibi wa maonyesho, na vyakula vya kila namna kwenye masufuria yaliyofunikwa kwa foili. Jeptoo aliimba, na kwaya ya Mesquite ikatafuta sauti ya pili. Ambilikile alipewa kazi ya kumshika Sekretari kichwa na kumtuliza, naye aliifanya kwa makini, akimnong'oneza majina ya dawa, kwa kuwa hakujua kitu kingine cha kumwambia mnyama. Manyoya yaliteremka meupe kwenye turubai kama povu. Prudensia, ambaye wiki hiyo alikuwa ameaga kampuni ya bima, alichota kumbatio zima, akazamisha uso humo mpaka masikioni, na walipomuuliza anafanya nini, sauti yake ilitoka ndani kwa mbali: "Niacheni kidogo. Niko kazini."